Nati za Gari la Baba Mdogo

Temeke, Dar es Salaam
14 Februari 1954

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, isipokuwa mikono, na habari za mikono utazipata hapa chini. Mama mdogo Kokuberwa hajambo? Migomba imepona ule upepo? Huku joto ni lilelile ulilolikimbia ulipostaafu. Tunalala milango wazi na mbu wanaingia kama wapangaji. Bwana Husseinali, tajiri wangu wa duka la vifaa vya chuma, anakusalimu. Anasema tangu uondoke hajapata mteja wa kubishana naye vizuri.

Sasa hili gari lako. Ulipoondoka uliniachia ukaniambia nilifanye nitakavyo, nami nikaliacha hapo nyuma ya nyumba lipumzike. Kisha ikaja barua yako ya Januari na sharti lake: nifungue kichwa cha injini, fundi abadilishe kilichokufa ndani, nilipakie kwenye treni mpaka Mwanza, na meli ilifikishe Bukoba. Siku litakapofika ndiyo siku utakayokwenda kwa mzee Kamugisha kuniposea binti yake Jovina. Niliona ni kazi ndogo. Nikavua shati, nikapiga mluzi.

Baba, hakuna nati inayotoka. Hata moja. Kutu imezila mpaka hazina pembe, spana inazunguka juu yake kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Nimezimwagia mafuta ya taa nikaziacha zilale nayo. Nimevuta mpaka kiuno kikalia. Magurudumu nayo yamekataa kuviringika, kwa hiyo hata kulisukuma mpaka stesheni haiwezekani. Vidole vyangu vimechubuka vyote na Bwana Husseinali ananikataza kushika risiti za wateja.

Bi Hamisa mwenye nyumba kila asubuhi anatoka na beseni la nguo, anasimama mbele ya gari, anasema, "Mie nimekupangisha chumba, Adelard. Makaburi sikukupangisha." Na kuku wake wanataga kwenye kiti chako cha mbele, sijui analalamikia nini.

Nakuomba neno moja. Baba yangu yuko kaburini, na kwa mzee Kamugisha hakuna mwingine wa kunisemea ila wewe. Je, huwezi kwenda kwanza, gari likafuata?

Mwanao,
Adelard

*

Kamachumu, Bukoba
9 Machi 1954

Mwanangu Adelard,

Milele amina. Marahaba. Hapa hatujambo wote. Migomba imesimama, ng'ombe mwekundu amezaa dume, ambalo si neno jema wala baya. Mama yako mdogo anauliza kama unakula. Katekista amenunua baiskeli mpya na sasa anapita kila nyumba, hata zisizo na mgonjwa wala mtoto wa kubatizwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposema umetumia akili. Sikupaona. Nati yenye kutu haivutwi kwa hasira. Kwanza unaikaza. Ndiyo, unaikaza kidogo, ili kutu ivunjike, ndipo unairudisha. Unaigonga kwa nyundo pande zote, si kwa kuiua, kwa kuiamsha. Ikikataa, unaipasha moto mpaka iwe nyekundu, ukiisha unaigusisha mshumaa, nta inayeyuka na kujipenyeza yenyewe ndani. Mshumaa wa dukani. Usithubutu kuchukua uliobarikiwa.

Habari ya kwenda kwanza, hapana. Nilikuwa karani Dar es Salaam tangu wewe hujui kujifuta kamasi. Leo niingie kwa Kamugisha na vumbi mpaka kiunoni kama mchuuzi wa kuku? Watu wasemeje? Wala usinitajie kutuma mtu mwingine. Anayeposa ni baba, na baba uliyebakiwa naye ni mimi.

Gari kwanza. Haraka yako isinifanye mimi kichekesho.

Baba yako mdogo,
Revelian

*

Temeke
4 Aprili 1954

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Hongera kwa dume. Mwambie Mama mdogo nakula, ila kijiko nakishika kwa vidole viwili. Mvua zimeanza, barabara ya kwetu imekuwa mfereji, na Bi Hamisa amehamishia jiko lake chini ya boneti ya gari lako, akidai kwamba angalau paa halivuji.

Nimekaza kwanza, kama ulivyosema. Zikakazika vizuri sana. Kurudi zikakataa. Nimegonga mpaka majirani wakaleta ujumbe wa malalamiko. Nimepasha moto kwa mkaa, nimegusisha mshumaa, tena wa dukani. Spana niliyoazima kwa Bwana Husseinali imerudi imepinda. Aliinua juu, akaitazama kwa jicho moja, akasema, "Adelard, hii ilikuwa mpya. Unafungua gari au unafungua jela?"

Jumamosi moja ikazunguka. Baba, nilipiga kelele! Jirani yangu Nassibu, kuli wa bandarini, akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Tukaizungusha kwa furaha, tukiimba, mpaka ikatoka mkononi pamoja na kipande cha boliti. Shingo imebaki ndani. Sasa palipokuwa na nati ya kushika hakuna hata pa kushika.

Nikaingia chini ya gari nikague springi. Nikachokoa kwa msumari. Umedondoka mchanga mweupe, na ndani ya mchanga mna kome. Kome wa pwani, Baba, na maganda yao, wamekaa kwenye springi kama wako kwao. Hili gari liliwahi kuingia baharini?

La mwisho ndilo la kwanza. Jovina ameniandikia. Kuna mwalimu kijana, mwenye suti, amefika kwao na baba yake. Mzee Kamugisha hakuwajibu. Amesema anawangoja watu waliomwambia tangu mwaka jana kwamba watakuja. Hao watu ni sisi.

Mwanao,
Adelard

*

Kamachumu
20 Mei 1954

Mwanangu Adelard,

Milele amina. Marahaba. Usishangae barua kuchelewa, kulikuwa na mambo. Kahawa imeiva vizuri upande wa juu, upande wa bonde si sana. Dume linakua. Mzee wa nyumba ya tatu amefariki, Mungu amlaze pema. Mazikoni walikwenda wengine. Padre mpya ana sauti ndogo. Maharage yamepata wadudu, tumeyaanika, wadudu wameota jua pamoja nayo. Mama yako mdogo amefuma mkeka mwingine ingawa ya kukaa tunayo tele.

Umeuliza swali. Kutu ni hewa ya huko. Kila mtu anajua hewa ya Dar es Salaam inavyokula vitu. Hata saa yangu ya mkononi iliota kutu.

Nimekutumia kopo la samli ya ng'ombe wetu, analo kijana anayekuja huko kwa meli na treni. Usiile. Pakaza kila nati, nene, acha wiki, kisha vuta. Mafuta ya taa ni maji tu, samli ina nguvu.

Mwalimu mwenye suti asikutishe. Suti huvaliwa na mtu asiye na jambo jingine. Mama yako mdogo ananisumbua nikuandikie habari fulani, nami sioni sababu ya kuiandika.

Gari.

Baba yako mdogo,
Revelian

*

Temeke
13 Juni 1954

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, na nasali nisikuandikie neno la kunitia dhambini.

Samli imefika. Nilipakaza jioni. Asubuhi gari lilikuwa jeusi kwa sisimizi, na paka wa Temeke nzima wamekaa juu ya injini wakilamba. Paka mmoja bado anakuja, ananitazama machoni kama aliyeahidiwa kitu. Iliyobaki Bi Hamisa akaichukua bila kuuliza, akakaangia maandazi. Yalikuwa matamu, nisiseme uongo. Nati hazikutikisika.

Nassibu alikuwa amekaa akila andazi lake. Akaligeukia gari, akatazama taa, akatazama ubavu wenye mkwaruzo, akasema, "Hebu ngoja. Hili si gari la yule Mhaya wa Jumamosi?"

Nikamwuliza Mhaya gani.

"Mie nilikuwaga Msasani kwa mjomba wangu, mvuvi. Kila Jumamosi anakuja bwana mmoja na tai yake. Anavua viatu, anakunja suruali, anaingia na gari baharini mpaka magurudumu hayaonekani. Kisha analisugua kwa sabuni! Sie tunaacha nyavu tunakwenda kutazama. Mjomba akamwambia, bwana, maji ya chumvi haya, utaliua gari lako. Akajibiwa kwamba wavuvi hawajui magari."

Baba mdogo. Kila Jumamosi! Nimepigana na nati hizi tangu kiangazi kwa mafuta ya taa, kwa moto, kwa nta, kwa samli, na nyundo, nikidhani napigana na uzee. Kumbe ulilitia gari chumvi kama samaki! Nilikuuliza swali wazi ukanijibu kwa saa ya mkononi.

Sitaki tena ushauri wa kufungua. Nataka ujibu moja tu. Utakwenda lini kwa mzee Kamugisha?

Mwanao,
Adelard

*

Kamachumu
5 Julai 1954

Adelard,

Milele amina. Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa na meno.

Maji ni maji. Tangu gari la kwanza lifike Bukoba, madereva wote huyaingiza magari ziwani, huyasugua, huyatoa yaking'aa, na sijaona hata moja lililolalamika. Nilipofika Dar es Salaam nikaona maji mengi kuliko ya kwetu. Nani angedhani maji mengi hivyo ni mabaya? Wenyewe wa huko wanaoga humo, wanaogesha mbuzi humo, watoto wao hawaoti kutu. Aliyeniambia alikuwa mvuvi mwenye kikoi kilichochanika, nami nilikuwa na tai. Na lilikuwa gari safi. Mwulize Nassibu kama aliwahi kuona gari safi kuliko lile.

Zilizokataa zikate. Chukua msumeno wa chuma, chukua tindo, pasua nati ubavuni itafunguka kama karanga. Ila fanya polepole. Sijasema ukimbie. Kazi kama hiyo inaweza kumchukua mtu mpaka Noeli, na wala si aibu.

Usinitajie Jovina kila ukurasa. Namjua, nilimbeba alipobatizwa. Nimesema gari kwanza na neno langu ni moja. Jumapili Padre aliponiletea komunyo aliniuliza gari limefika wapi, nikamwambia liko njiani. Usinifanye mwongo mbele ya Padre.

Mama yako mdogo amekasirika na wewe pia, halafu akasema hapana, na mimi.

Revelian

*

Temeke
1 Agosti 1954

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Limefunguka. Nimekata kwa msumeno, nimepasua kwa tindo, na moja iliyobaki kona ya nyuma ilinipeleka mpaka Kipawa kuazima bomba refu la kuongezea mkono wa spana. Nassibu akaning'inia mwisho wa bomba kwa uzito wake wote. Ikalia kama mlango wa zamani, ikatoka. Bi Hamisa akapiga kigelegele dirishani. Nikakaa chini mchangani, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Kisha tukainua kichwa cha injini. Baba, ndani hamna injini tena. Pistoni zimeshikana na chuma cha pembeni zikawa kitu kimoja chekundu. Fundi alitazama, hakugusa, akafunga mkoba wake, akanipa pole kama ya msibani. Gari limekufa, na limekufa siku nyingi. Hakuna cha kupakia kwenye treni, hakuna cha kungojea.

Na sasa nisikilize. Padre haleti komunyo nyumbani kwa mtu mzima. Nilisoma mstari ule mara nyingi. Wiki hii amefika Fransis wa kwetu, anatafuta kazi, nikamkalisha nikamwuliza. Akasema goti lako limevimba tangu Noeli. Unatembea kwa fimbo, hupiti zizi la ng'ombe, hata mazikoni hukufika.

Kumbe gari lilikuwa la mguu! Kwa nini hukusema? Nimechubuka miezi yote hii, nimegombana na kila mtu wa mtaa huu, na neno moja lingetosha. Ungepelekwa kwa baiskeli. Ungepelekwa kwa machela. Ningekuja mimi nikakubeba mgongoni. Nina hasira na wewe na nakuonea uchungu, na sijui nianze na kipi.

Jovina anasema baba yake hatangoja tena. Kahawa ikishachumwa anampa mwalimu jibu lake. Baba, nampenda msichana yule. Sijakuandikia hivyo kabla kwa sababu ya adabu, lakini adabu imeniponza. Akienda, sitaoa kwa sababu ya gari, na nitakukumbuka kwa hilo mpaka nife.

Nenda. Nakuomba nenda.

Mwanao,
Adelard

*

Kamachumu
12 Septemba 1954

Mwanangu Adelard,

Milele amina. Marahaba sana. Mama yako mdogo anakusalimu, na leo ameketi ubavuni kwangu kuhakikisha naandika yote. Mwambie Fransis mdomo wake ni mrefu kuliko reli.

Umekosea jambo moja. Unadhani nilitaka gari kwa ajili ya mguu. Gari lingenifikisha uani kwa Kamugisha, basi. Nikishashuka je? Anayeposa haongei amesimama, ni kama amekwenda kudai. Hupiga goti kwanza mbele ya baba wa msichana, ndipo husema. Goti langu halikunjiki. Nimelijaribu kando ya kitanda, nimelijaribu zizini mbele ya ng'ombe peke yao, halikubali. Sasa kwa baba wa msichana nisimame wima kama fito?

Kwa hiyo nikasema gari kwanza. Nati zile nazijua, mwanangu. Zilinishinda mwaka mzima kabla sijastaafu. Nilikuwa na hakika hutaziweza. Nikajisemea, mpaka kijana azifungue, goti litakuwa limepona. Ungetulia kidogo ungeshindwa kama mimi, lakini wewe ni mbishi.

Barua yako ya Agosti iliposomwa humu ndani hakuna aliyekula. Mama yako mdogo akatoka kwenda kumwita katekista.

Nilikalishwa nyuma ya baiskeli yake mpya. Yeye anasukuma, mama yako mdogo ameshika mguu wangu usiburuzwe. Kila tuliyekutana naye njiani alituuliza nani anaumwa. Nilikuwa nimevaa tai.

Tukaingia uani. Kamugisha amekaa barazani, mkewe yupo, watoto wapo, na Jovina nilimwona amesimama kwenye mlango wa nyuma. Nikaegemea fimbo, nikaanza kushusha goti. Likakataa. Nikalilazimisha. Adelard, nilianguka kifudifudi mbele ya watu wote, fimbo kule, kofia kule, mdomo umejaa vumbi. Mtoto mmoja akacheka akapigwa kofi. Nilitamani ardhi inimeze, na nilijua nimekuharibia.

Kamugisha hakuniinua. Aliondoka kitini kwake, akaja akakaa chini mavumbini karibu nami, akanyoosha miguu kama nilivyonyoosha mimi. Akasema, "Yule mwalimu na baba yake walipiga goti vizuri sana. Haya, Revelian, sema ulilokuja nalo."

Nikalisema. Nikamwambia wewe ni nani na baba yako alikuwa nani, na kwamba umepigana na chuma miezi yote hii kwa ajili ya msichana huyu ukidhani ndiyo njia. Nililia nikisema, na sioni haya kukuandikia. Mzee yule alinifuta vumbi usoni kwa shati lake mwenyewe.

Akaita kahawa ya kutafuna, ile ya kufungia neno. Akaniwekea punje mkononi, akachukua zake, akasema Jovina ni wako, njoo umchukue. Tukatafuna hapohapo chini mpaka jua likapungua, kwa sababu yeye naye, alipojaribu kunyanyuka, hakuweza, na katekista alishakwenda nyumba za jirani, na wanaume wote walikuwa shambani.

Baba yako,
Revelian